Mbavu Sita

Mama kauliza mara mbili leo:
chombo cha mita tano na nusu, tanga la Kichina,
na sisi tuko Al-Khudh, bahari hata haisikiki,
na gari linalala juani kwa sababu chombo kimelala bandani.
Namwambia, Mama, ngoja kwanza nipate mlingoti.

Msaji niliupima kwa macho tu.
Bei yake mahari ya mtu, na mzito:
mlingoti huu husimama peke yake,
hauna kamba ya kuuegemeza mbele wala nyuma,
kila kilo ya juu utailipa chini, kwa risasi, mkukuni.
Msonobari alikuwa nao Kunjappan, fundi wa milango,
mweupe, mnyoofu, unanukia.
Akaugonga kwa kidole, akatikisa kichwa.
"Juni," akasema. Neno moja.
Juni ya hapa hupasua hata kibao cha kukatia vitunguu.

Basi nikaenda kwa Shinun, penye vyuma chakavu, Misfah,
nikakuta nguzo ya taa imelala chali,
alumini, mita nane, nene chini, nyembamba juu.
Lori la maji liliigonga kwenye kipilefti.
Namba 417 bado iko, kwa rangi nyeusi.
Alitaka riali ishirini na mbili.
Nikampa ishirini na kopo la halua.

Kazini napiga picha za mifupa.
Naujua ubavu wa mzee, unavyokatika kwa kikohozi,
naujua mkono wa mtoto, unavyopinda kama kijiti kibichi,
upande mmoja umechanika, wa pili umeshikilia.
Mbavu za tanga nilizitaka hivyo,
zipinde, zirudi, zisisahau unyoofu wake.

Viti viwili. Mfuko wa mchele kilo tano katikati.
Futi ya cherehani ya Mama, mkaa, ukuta.

Bomba la maji: asubuhi sentimita nne.
Saa nane mchana likalegea kama tambi, wala halikurudi.
Alumini: mbili na nusu. Nzuri,
lakini ikikunjika mara moja imekunjika maisha.
Upongoo wa mtende, toka kwa mjomba, Rustaq:
sita. Mwepesi kama uongo,
ila mnene kichwani, mwembamba mkiani,
na hakuna mitende miwili inayokubaliana.
Fiba: niliuliza bei, nikaomba maji ya kunywa.
Mwanzi: tatu. Tatu jioni, tatu alfajiri.

Usiku wa nne mmoja ukalia paa!
Mama akatoka na shahada mdomoni.
Ulipasuka fundo hadi fundo, kwa ukavu tu,
hakuna aliyeugusa.

Iliyobaki nikaifunga baina ya fundo na fundo,
mshipi wa kuvulia na gundi, tabaka juu ya tabaka,
kama wafungwavyo vidole wodini.
Mianzi saba.

Hapo ndipo nikaitazama ile nguzo sawasawa.
Chini, mafundi wa umeme walipokuwa wakitia mkono,
ina kijimlango. Tundu la kiganja kimoja,
pale pale sitaha itakapoikaba,
pale upepo wote wa juu utakapoteremka kuuliza swali lake.
Ingevunjika hapo. Picha yake niliiona bila mashine.

Kunjappan akakata mita moja na robo.
Msumeno ukalia tangu adhuhuri mpaka alasiri,
jirani akaja kuuliza nani anateswa.
Mlingoti mfupi, tanga dogo,
mbavu saba zikawa sita.
Mchoro wa miezi mitano nikaufuta ukutani
kwa kiwiko.

Kipande kile, na mlango wake, Mama kakisimamisha uani,
kapanda mrihani ndani.
Mwanzi wa saba anaanikia kanga.
"Chombo chako," anasema,
"mpaka leo kimenifaa mimi tu."

Bado foromali.
Kunjappan amenifichia msonobari kivulini, kaufunika gunia bichi.